Q inakata leo, kesho inaleta mishale: njia za mkato kwenye kibodi zetu za AZERTY

«Jambo mkubwa. Ninapiga na kuhariri video za harusi hapa Lubumbashi, Katuba, mwaka wa tatu sasa. Natumia programu ya kuhariri Premiere Pro, ya Kiingereza, kwenye laptopu ya mtumba kutoka Ulaya, kibodi AZERTY ya Kifaransa, RAM GB 8. Harusi moja inanila siku tano, na wateja wanaanza kupiga simu siku ya pili. Rafiki yangu aliniambia dawa ni njia za mkato, basi nikachapisha karatasi yenye njia mia moja, nikaikariri wiki tatu. Nyingine hazifanyi kazi kabisa. Mbaya zaidi ni Q na W: siku nyingine zinakata vizuri, siku nyingine Q inaleta mishale miwili na W inaleta kioo cha kukuza. Kompyuta ina virusi? Ninunue kibodi ya QWERTY, ile ya Kimarekani? Tena mkono wa kulia umeanza kufa ganzi usiku. Nitazoea?»

Mdogo wangu, jambo. Virusi hakuna, lala salama. Umeniuliza maswali matatu ndani ya moja: vitufe vinavyogeuka tabia, siku tano za harusi moja, na mkono. La kwanza lina jibu safi. La pili lina jibu ambalo labda hutalipenda. La tatu sitaki lisubiri, kwa hiyo kama una haraka ruka usome mwisho kwanza, kisha urudi huku.

Angalia kona ya chini kulia ya skrini, karibu na saa. Kuna herufi chache pale: FRA au ENG. Laptopu za mtumba zimepita mikono mingi, na kila mwenyewe aliongeza lugha yake. Windows inabeba kibodi mbili ndani yake bila kulalamika, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kugusa Alt na Shift ya kushoto pamoja, au kitufe cha Windows na kile kirefu cha nafasi. Sasa mtu wa montaje, yaani mhariri wa video, anagusa Alt na Shift mara ngapi kwa siku? Kidole kinateleza mara moja tu, FRA inakuwa ENG, na wewe huna habari kwa sababu macho yako kwa bibi harusi.

Plastiki haikubadilika, iliyobadilika ni maana yake. Premiere haisomi herufi iliyochorwa juu ya kitufe. Inapokea herufi ambayo Windows inaipelekea. Kitufe chako chenye Q kiko pale ambapo kibodi ya Kimarekani ina A. Ukikibonyeza wakati Windows iko kwenye ENG, Premiere inasikia A, na A kwake ni chombo cha kuchagua klipu zote kuanzia hapo kwenda mbele. Ndiyo mishale yako miwili. Kitufe chenye W kinakaa mahali pa Z ya Wamarekani, na Z ni chombo cha kukuza. Ndicho kioo chako. Kompyuta ilikuwa inakutii neno kwa neno, ila kwa lugha ambayo hukujua umeizungumza.

Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya saa na lugha, ufute kibodi ya Kiingereza, ibaki yako peke yake. Kama Windows yenyewe inaandika Kiingereza, usifute lugha. Ndani ya lugha hiyo ongeza kibodi ya Kifaransa, ndipo uondoe ile ya Kimarekani. Ila kwanza hakikisha AZERTY yako ni ipi, maana huku kwetu ziko mbili: ya Ufaransa na ya Ubelgiji. Tazama kitufe cha tarakimu 6. Kama kina kistari, ni ya Ufaransa. Kama kina alama ya §, ni ya Ubelgiji. Watu wengi wamekaa miaka na kompyuta ya Ubelgiji iliyowekwa mpangilio wa Ufaransa, wanahangaika kutafuta alama ya mshangao.

Tuje kwenye karatasi yako ya njia mia. Ilichapishwa kwa mtu mwenye kibodi nyingine. Yeye akitaka kuona taimlaini nzima, ule ukanda wa chini unapopanga klipu, kwa mara moja anabonyeza mkwaju wa nyuma, \, kidole kimoja. Wewe, kwenye AZERTY ya Ufaransa, unahitaji AltGr, kitufe kilicho kulia kwa kile kirefu cha nafasi, na 8. Na AltGr kwa Windows ni sawa na kushika Ctrl na Alt pamoja, kwa hiyo Premiere inaona mchanganyiko tofauti kabisa na ule ulioandikwa kwenye karatasi. Nukta, ambayo kwa Mmarekani inaweka klipu juu ya iliyopo, kwako inataka Shift. Tarakimu zote zinataka Shift. Hata Ctrl pamoja na Z, X, C na V, ambazo kwake zimekaa foleni moja chini kushoto, kwetu Z imehamia ghorofa ya juu. Hukukosea kukariri. Ulikariri ramani ya mji mwingine.

Kuna kisababishi kingine, na hiki kinawakamata hata wakongwe. Vitufe vingi Premiere inavipeleka kwenye dirisha moja tu, lile lenye mpaka wa bluu kuzunguka. Ukigusa dirisha la faili kuchagua klipu, kisha ukabonyeza kitufe cha kukata, amri inaishia huko kwenye faili na taimlaini haisikii kitu. Kabla ya kusema kitufe kimekufa, tafuta bluu iko wapi.

Sasa nikuonyeshe jambo moja ninalowawekea vijana wote wanaokuja kukaa karibu yangu. Fungua Premiere, bonyeza Ctrl, Alt na K pamoja. Linafunguka dirisha lenye picha ya kibodi nzima. Tafuta amri mbili ambazo Q na W zinazifanya. Ya kwanza inakata kila kilicho kushoto mwa sindano (mimi naita sindano ule mstari unaotembea juu ya taimlaini) hadi mwanzo wa kipande, kisha inavuta vilivyobaki kuziba pengo. Ya pili inafanya hivyo hivyo upande wa kulia. Kwa Mmarekani vitufe hivyo viwili viko jirani juu kushoto, chini ya vidole. Kwako Q iko mstari wa kati na W iko chini, vidole vinakunjamana. Basi iongezee amri ya kwanza herufi A, na ya pili herufi Z, lakini Q na W usiziondoe, kwa sababu amri moja inaruhusiwa kuwa na vitufe viwili. Premiere itakuonya kwamba A na Z zina kazi nyingine. Kubali. Vyombo vile viwili utavifikia kwa kipanya siku utakapovihitaji, na si mara nyingi.

Uzuri wake ni huu. Vitufe viwili vya juu kushoto sasa vinakata kushoto na kulia, Windows ikiwa FRA au ENG. Ikiwa FRA vinatuma A na Z, ikiwa ENG vinatuma Q na W, na herufi zote nne zinafanya kazi ile ile. Hata siku kidole kikiteleza tena, mkono wako hautajua.

Onyo moja kabla hujafurahi. Mkato huu unavuta vitu. Kama wimbo wa kuingia ukumbini umelala chini ya picha, unaweza kuvutwa au kukatwa pamoja nao. Funga kufuli ya njia ya wimbo kwanza. Mimi niligundua hivyo kwenye harusi ya watu, kwaya ikaimba nusu ya ubeti na kurudi mwanzo, na familia ilikuwa imeshapokea flashi.

Ukimaliza, hifadhi mpangilio huo kwa jina lako. Premiere inautunza kwenye faili yenye mkia wa .kys, ndani ya folda ya nyaraka zako. Nakili kwenye flashi. Siku ukikaa kwenye kompyuta ya mwenzako, unakuja na mikono yako mwenyewe.

Sasa jibu usilolipenda. Tuseme harusi yako ina mikato 600, na tuseme kila mkato kwa kipanya unakula sekunde nne zaidi kuliko kwa kibodi. Hiyo ni sekunde 2,400, yaani dakika 40. Dakika arobaini ndani ya siku tano. Hata tukizidisha mara mbili kwa sababu ya kurekebisha na kurudia, hazifiki saa mbili. Anayekuahidi kwamba njia za mkato zitageuza siku tano kuwa mbili hajawahi kupiga hesabu hiyo.

Kwa nini basi mimi mwenyewe siwezi kufanya kazi bila hizo? Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha unaongezeka shabaha ikiwa mbali na ikiwa ndogo. Alama ya wembe, chombo cha kukatia, kwenye skrini ni ndogo kama ukucha na iko mbali na mahali unapokata. Kila ukienda kuichukua, jicho lazima liongoze mkono, na jicho likiondoka kwenye uso wa mama anayelia, limeondoka. Ukirudi unauliza: nilitaka kukata wapi? Unacheza tena sekunde kumi. Hizo sekunde kumi ndizo zinazokula siku zako, na hazihesabiki kwenye karatasi yoyote. Kitufe kinachofanya kazi bila kutazamwa kinaacha jicho libaki kwenye picha na sikio libaki kwenye sauti.

Ndiyo maana vitufe ninavyokutaka uanze navyo havikati chochote. Ni J, K na L, na kwa bahati njema viko mahali pale pale kwenye AZERTY na QWERTY. L inacheza mbele, ukigusa tena kasi inaongezeka. J inarudi nyuma. K inasimamisha. Shika K uguse L, unasogea fremu moja, yaani picha moja tu ya video. I na O, ambazo nazo hazijahama, zinaweka alama ya mwanzo na ya mwisho.

Chukua hotuba ya baba mdogo wa bwana harusi, zile tunazozijua, dakika ishirini na mbili na kipaza sauti kinapiga filimbi. Ifungue kwenye dirisha la kutazamia, siyo kwenye taimlaini. Weka mkono wa kulia juu ya JKL na uguse L mara mbili. Utasikia anashukuru viongozi, anashukuru kanisa, anashukuru watu wa Likasi na Kolwezi waliosafiri. Mwache. Ghafla anataja jina la marehemu babu na ukumbi unanyamaza. K. J kidogo kurudi nyuma. L kwa kasi ya kawaida, na pale anapovuta pumzi, I. Anamaliza sentensi, watu wanapiga vigelegele, unaacha vigelegele vipumue, O. Kisha kitufe cha koma (,), na kipande kinaingia kwenye taimlaini. Kwenye AZERTY koma haihitaji Shift, iko kulia kwa N. Hukugusa kipanya. La muhimu zaidi, ulimsikiliza mzee mpaka mwisho bila kukatizwa na mshale.

Kujifunza, usikariri. Weka karatasi tupu mezani na fanya kazi saa moja kama kawaida. Kila mkono unapokwenda kwenye kipanya kufanya jambo lile lile, chora kistari. Jioni utaona mambo mawili au matatu yamejaza karatasi. Chagua mawili, yape vitufe, na wiki hiyo jikataze kuyafanya kwa kipanya hata kama unachelewa. Utachelewa kweli, siku tatu za mwanzo. Wiki inayofuata mawili mengine. Yangu, baada ya miaka yote hii, hayazidi kumi na sita: zile tano za kutazama, A na Z, koma, mishale ya juu na chini ya kuruka kutoka mkato hadi mkato, Ctrl na K ya kukata bila kuondoa kitu, Shift na Delete ya kufuta na kuziba pengo, G ya kupandisha sauti, M ya kuweka alama pale bibi harusi anapocheka, Ctrl na Z. Na Ctrl na S, ambayo huku kwetu umeme ukikatika ndiyo inayotenganisha mtu mzima na mtoto.

Kuhusu kibodi ya QWERTY: ningekuwa wewe nisingenunua. Faida yake ni kwamba karatasi na video za mafunzo zitafanana na mikono yako. Lakini harusi zetu zinataka majina, na ukianza kuandika Célestine na François kwenye kibodi ya Kimarekani utaikumbuka AZERTY kwa machozi. Kisha kompyuta za studio karibu zote mjini ni AZERTY. Hela hiyo nunua diski ya nje. Ukiwa na mpango wa kwenda kufanya kazi Ndola au Nairobi, kwa watu wa QWERTY, hapo sawa, tubadilishe mazungumzo.

Siku ukihamia DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, ambayo ina toleo la bure lisilohitaji nakala ya kuvunjwa, Ctrl, Alt na K inafungua dirisha la namna hiyo hiyo, na ndani yake kuna mpangilio uliotayarishwa kuiga Premiere. Kukata pale penye sindano kwao ni Ctrl na B. JKL ni zile zile.

Umesema RAM GB 8. Hujataja picha kugandaganda, lakini nitashangaa kama hazigandi. Kamera na simu zinabana video kwa kuhifadhi fremu moja nzima, halafu zinazofuata zinaandikwa tofauti zake tu. Ukiweka sindano katikati, kompyuta lazima irudi kwenye fremu nzima na kukokotoa mpaka ulipo. Kwa video nzito za 4K, mashine yako inatoka jasho kila unapogusa J. Hakuna kitufe kitakachotibu hilo. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kufanyia kazi: kwenye dirisha la faili bonyeza klipu kwa kitufe cha kulia, utaona sehemu ya kuziunda. Zianzishe jioni ukienda kula. Mwisho wa kazi Premiere inatoa video kutoka kwenye faili halisi, mteja haoni tofauti. Kati ya proksi na njia za mkato, ningeanza na proksi leo usiku. Kama baada ya proksi bado inaganda, au upande wa chini unachoma magoti na feni inapiga kelele muda wote, mpelekee fundi aifungue. Kompyuta ya mtumba inaweza kuwa na vumbi la miaka ndani, na vumbi halifutwi kwa mipangilio.

Sasa mkono. Hapana, hutazoea, wala usijaribu. Ganzi ya usiku kwa mtu anayeshika kipanya siku nzima mara nyingi inatoka kwenye neva inayopita ndani ya kifundo cha mkono, kwenye mfereji mwembamba pamoja na kano za vidole. Kano zikivimba, neva inabanwa. Njia za mkato zitapunguza safari za kipanya, ni kweli, lakini zinaweza kuhamishia taabu mkono wa kushoto. Jaribu kushika Ctrl, Shift na K kwa vidole vitatu vya mkono mmoja mara mia mbili, utaniambia. Amri ya namna hiyo ukiitumia sana, ipe herufi moja tupu. Teremsha kiti au pandisha, kifundo kikae sawa na mkono, kisikunjwe kuelekea juu. Kila nusu saa simama.

Lakini hayo ni ya kuzuia. Wewe umeshaanza kuhisi, na mimi ni mtu wa montaje, siyo daktari. Nenda wiki hii, usingoje msimu wa harusi uishe. Ganzi isiyoondoka mchana, vikombe vinavyokuponyoka mkononi, au nyama ya chini ya kidole gumba inayopungua ukilinganisha na mkono mwingine, hayo hayangoji hata wiki. Daktari anaweza kukutuma kwa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akufundishe mazoezi, au akupe kifaa cha kushikilia kifundo unapolala. Ukifika kwake usiseme tu kwamba mkono unauma. Mwambie ni vidole vipi hasa vinavyokufa ganzi. Kikiwemo kidole kidogo, hadithi inaweza kuwa nyingine, na atataka kutazama kiwiko.